Sahihi ni ya Aliyetenda: Maswali ya Wauguzi na Majibu

Swali: Daktari wa zamu ameniagiza kwa simu nimpe mgonjwa dozi ambayo naiona ni kubwa mno. Nikiitoa na mgonjwa akadhurika, kosa si litakuwa la daktari?

Litakuwa lenu wote wawili, na ni heri ulijue hilo kabla hujavunja ampuli, kile kichupa cha dawa ya sindano. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 na kurekebishwa tena mwaka 2021, zinamtaka muuguzi awajibike yeye mwenyewe kwa utendaji wake. Agizo la daktari halimwondolei wajibu huo. Agizo la simu liandike palepale, kisha umsomee daktari jina la dawa, kiasi, njia na muda, naye athibitishe. Ukibaki na shaka, mwambie waziwazi kwamba hutaitoa, mwone mfamasia na kiongozi wa zamu, na uandike saa uliyopiga simu pamoja na jibu ulilopewa. Kloridi ya potasiamu, dawa ya kuongeza madini ya potasiamu mwilini, ikiwa haikuzimuliwa na ikasukumwa moja kwa moja kwenye mshipa, huweza kusimamisha moyo, na mkono ulioshika bomba la sindano hauwezi kujitetea kwamba uliambiwa tu.

Swali: Mwenzangu ametoa dawa akasahau kutia sahihi kwenye chati, naye amekwisha kuondoka. Nimsainie?

Hapana. Nimeulizwa swali hili mara nyingi kuliko jingine lolote, na inanisikitisha kwamba bado linaulizwa na watu wenye leseni. Mpigie simu, andika kwa jina lako kwamba umepokea taarifa yake na saa uliyoipokea, naye akirudi ataandika maelezo yake akionyesha wazi kwamba yameandikwa baadaye.

Nilipokuwa bado mchanga katika kazi hii, nilipokea zamu katika wodi ambamo wagonjwa wanane walikuwa wameandikiwa joto la saa 12 asubuhi, wote nyuzi 36.8, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Mmoja wao alikuwa amepelekwa chumba cha upasuaji tangu saa 10 alfajiri, na kitanda chake kilikuwa kitupu. Aliyeandika hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekesha peke yake na wodi nzima. Lakini tangu dakika ile sikuweza kuiamini namba yoyote katika mafaili yale, hata zilizokuwa za kweli, na tulipoanza kupima upya tulimkuta mwingine homa imempanda bila mtu kujua. Uongozi unaompangia muuguzi mmoja wodi nzima unastahili lawama, nami nitaendelea kuulaumu. Ila muuguzi anayeandika vipimo ambavyo hakuvichukua anauficha uzembe huo kwa mkono wake mwenyewe. Andika kwamba mgonjwa hakupimwa, na useme kwa nini. Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja unaoacha maneno yakisomeka, utie sahihi na tarehe, wala usifute.

Swali: Mgonjwa mwenye akili zake timamu amekataa sindano, ila ndugu zake wanashikilia achomwe. Nifanye nini?

Hachomwi. Mweleze madhara ya kukataa kwa lugha anayoielewa, mjulishe daktari, na uandike maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema. Niongeze jambo ambalo hukuuliza: wauguzi wengi hutumwa kusainisha fomu za idhini ya upasuaji kana kwamba ni karatasi ya kawaida. Anayepaswa kumweleza mgonjwa ni yule atakayempasua. Wewe unashuhudia tu kwamba amesaini mwenyewe, kwa hiari. Akikuuliza anakwenda kukatwa nini, hiyo fomu haijawa tayari kusainiwa, na daktari arudi.

Swali: Nikituma picha ya kidonda kwenye kundi la wenzangu bila jina la mgonjwa, nimekosa?

Ndiyo. Kovu, mchoro mwilini au namba ya kitanda inatosha kumtambulisha, na yeye hakukuruhusu.

Swali: Nilikosea dawa, lakini mgonjwa hakudhurika. Kuna haja ya kusema?

Ipo, na ni leo. Mwaka 2017 nchini Marekani, muuguzi aliyetumwa midazolamu ya kumtuliza mgonjwa alichukua vekuronio, dawa inayolegeza misuli yote, hata ya kupumulia. Ilikuwa unga wa kuchanganywa, ilhali midazolamu huwa tayari ni maji, na kifuniko chake kilikuwa na onyo. Ishara zote mbili zilimpita. Mgonjwa alifariki. Muuguzi alikiri kosa lake, akapoteza leseni, na mwaka 2022 alitiwa hatiani na kupewa kifungo cha nje cha miaka 3. Naamini kumshtaki kwa jinai kuliwatia wengi hofu ya kusema, na kosa lisilosemwa hurudiwa na mwingine kesho, pengine kwa mgonjwa asiyeweza kulistahimili. Hata hivyo hofu hiyo haikupi ruhusa ya kunyamaza. Mpime mgonjwa kwanza, mwite daktari, mgonjwa mwenyewe aambiwe ukweli, kisha ujaze fomu ya taarifa ya tukio kabla zamu haijaisha, ukiandika ulichokiona na ulichokifanya tu.