Boti ya miaka ya 1980, betri za lithiamu: nianze wapi?

Swali: Fundi, nimenunua boti ya starehe ya faibaglasi, urefu mita 13, injini mbili za dizeli, imeundwa miaka ya 1980. Nataka kuiboresha mwenyewe kidogo kidogo: betri za lithiamu, paneli za sola juu ya paa, skrini mpya ya ramani, na taa zote ziwe za LED. Bisibisi na spana nimezizoea, na umeme wa nyumbani naufahamu. Nianze na kipi? Halafu kuna jambo dogo: pampu ya ngama (ile inayotoa maji yanayokusanyika chini kabisa ndani ya boti) ikiwaka, taa za kabini hufifia. Lina uzito wowote?

Jibu: Ndugu yangu, hongera kwa chombo. Hilo uliloliita dogo ndilo la kwanza, na nakuomba usinunue betri ya lithiamu hata moja kabla hujalimaliza.

Hasara ya umeme iliyo kwenye waya wa pampu peke yake isingezigusa taa. Taa zikififia, ujue tatizo liko kwenye kitu ambacho taa na pampu zinakitumia pamoja: betri yenyewe, swichi kuu, waya mnene wa kwenda kwenye paneli ya swichi, au kiungo cha upande wa hasi. Mara nyingi huwa ni hicho cha mwisho, kwa sababu watu hukagua chanya na kusahau kwamba umeme lazima urudi.

Kulijua hilo unahitaji mita ya umeme tu. Washa pampu, pima volti kwenye nguzo za betri. Zikiporomoka hapohapo, betri imechoka au haina chaji. Zikitulia, acha ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri, ncha nyingine iweke kwenye chanya ya paneli ya swichi, pampu ikiendelea kufanya kazi. Namba utakayoiona ndiyo volti zinazopotea njiani. Rudia upande wa hasi. Kisha sogea kiungo kwa kiungo; pale namba inaporuka ghafla, umefika kwenye ugonjwa.

Kwa pampu ya ngama, taa za kusafiria na redio, hasara isizidi asilimia 3, ambayo kwenye mfumo wa volti 12 ni kama volti 0.36. Taa za kabini zinaweza kuvumilia asilimia 10. Tuseme pampu inavuta ampea 8 na iko mita 10 kutoka kwenye betri. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 20. Waya wa milimita za mraba 2.5 utakula zaidi ya volti 1, na pampu itasukuma maji kwa unyonge siku ile unayoihitaji kuliko zote. Hata waya wa milimita za mraba 6 unapitiliza kidogo kiwango hicho. Wa 10 ndio unaotosha. Mtu aliyezoea volti 240 huona waya huo ni mnene kupita kiasi, na hapo ndipo ujuzi wa nyumbani unapoweza kukupotosha.

Kitu kingine cha nyumbani cha kuacha nyumbani ni waya wenye uzi mmoja mgumu. Injini hutikisa, uzi huo huchoka na kukatika. Tumia waya wa nyuzi nyingi nyembamba, na shaba yake iwe imepakwa bati. Kwenye boti ya umri huu, kata waya mmoja wa zamani karibu na ngama na uvue ganda lake. Ukikuta shaba nyeusi badala ya nyekundu, rudi nyuma sentimita kumi ukate tena. Mara nyingi weusi bado upo, kwa sababu unyevu hupanda ndani ya ganda taratibu kwa miaka. Waya kama huo hausafishwi, unatolewa wote. Viungo vipya vibanwe kwa koleo la kubania lenye gia, kisha vifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani.

Ukiwa hapo, ipe pampu njia yake yenyewe: swichi ya kuelea, ile inayowasha pampu maji yakipanda, ichukue umeme moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi yake, ili ifanye kazi hata swichi kuu ikiwa imezimwa. Na kila waya chanya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu nayo. Kiwango cha ABYC, baraza la viwango vya boti la Marekani, ni inchi 7, kama sentimita 18. Umbali unaruhusiwa kuongezeka ikiwa waya umepita ndani ya bomba la kinga, na waya wa stata una msamaha wake.

Sasa lithiamu. Chagua aina ya LiFePO4, yaani lithiamu ya chuma na fosfeti. Ndiyo tulivu zaidi kwa chombo. Hatari ambayo wauzaji wengi hawaitaji iko kwenye alteneta. Betri ya risasi ikianza kujaa hupunguza yenyewe mkondo inaoupokea. Lithiamu haipunguzi, inavuta kila inachopewa karibu hadi mwisho, na alteneta ya zamani haikuundwa kutoa nguvu zake zote kwa saa nzima. Mbaya zaidi ni injini ikizunguka polepole bila mzigo: feni ya alteneta inazunguka polepole, joto linapanda, inaungua. Halafu kuna ubongo wa betri, BMS, unaoweza kukata ghafla katikati ya kuchaji. Mkondo ukikosa pa kwenda, volti zinaruka, na diodi za alteneta pamoja na vifaa vyako vya gharama vinaweza kuungua.

Njia ninayoipendekeza kwa anayefanya mwenyewe: acha betri za risasi za kuwashia injini zibaki zimeungwa na alteneta kama zilivyo. Lithiamu iwe upande wa matumizi ya ndani tu, ikilishwa na chaja ya DC kwenda DC, yaani inayochukua umeme wa betri moja na kuchaji nyingine, yenye ampea 30 kwa mfano. Chaja hiyo ndiyo inayoweka kikomo, na BMS ikikata, alteneta bado ina betri ya risasi ya kuegemea. Fyuzi ya lithiamu iwe ya Class T, maana shoti ya betri hizi hutoa mkondo ambao fyuzi za kawaida zinaweza kushindwa kuukata. Na piga simu kwa kampuni ya bima kabla ya kufunga.

Taa za LED za ndani ni kazi nyepesi, ila zile za bei rahisi huchafua redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini. Washa redio kwenye chaneli tulivu, fungua skwelchi (kidhibiti kinachonyamazisha mvumo) nusu, kisha washa taa moja moja. Mvumo ukiongezeka, taa hiyo itoke. Za kusafiria usibadilishe balbu tu ndani ya kasha la zamani, kwa kuwa kasha na balbu hupimwa pamoja. Kwa urefu wako, kanuni za COLREG, za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, zinataka taa ya mlingoti ionekane maili 3 za baharini na za ubavuni maili 2.

Sola na skrini vije mwisho. Ukitoboa paa lenye kiini cha mbao za balsa, toboa tundu kubwa kuliko skrubu, lijaze epoksi, likauke, ndipo utoboe tundu lenyewe katikati ya epoksi. Ukiruka hatua hiyo, maji yataoza kiini bila wewe kuona chochote juu.

Kazi za kumwachia fundi mwenye leseni ni umeme unaovutwa kutoka nchi kavu ukiwa gatini, na gesi ya kupikia. Valvu zilizo chini ya usawa wa maji pia, kama hazigeuki kwa mkono: usizilazimishe boti ikiwa majini.

Pima kwanza, kisha niandikie namba tatu: volti kwenye betri pampu ikiwa imewaka, hasara ya upande chanya, na ya upande hasi. Nitakuambia ukate wapi.