Kwa nini nasubiri likizo nije kutibiwa meno Moshi

Baba mdogo aliuliza kwenye grupu la familia, na nusu ya grupu ikacheka: eti mtu anayesoma Uingereza, nchi ya matibabu ya bure, inakuwaje akija likizo anakimbilia kwa daktari wa meno Moshi hata kabla ya kusalimia majirani? Swali ni la haki. Na kwa kuwa binti wa shangazi anakuja kuanza chuo Leeds Septemba, wacha nijibu kwa kirefu.

Kwanza hiyo "bure". Mwanafunzi wa kigeni hulipa tozo ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na zinakatwa zote kabla hujapanda ndege. Ukishalipa, NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huku, inakuhesabu kama mwenyeji: ukivunjika mguu ukalazwa wiki mbili, hakuna anayekuletea bili. Meno yamewekwa kando. Hata Mwingereza mwenyewe, akishakuwa mtu mzima na hana msamaha, anayalipia. Kwa viwango vya England vilivyoanza Aprili 2025, kuangaliwa na kupigwa picha ni pauni 27.40. Kuziba, kung'oa au kutibu mzizi ni 75.30. Kofia ya jino au meno ya bandia, 326.70.

Bei hizo si mbaya. Kazi ni kumpata huyo daktari wa kukutoza. Unapiga simu kliniki ya kwanza, dada wa mapokezi anakujibu kwa upole wote kwamba hawapokei wagonjwa wapya wa NHS, ila kwa malipo binafsi anaweza kukuweka Alhamisi. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu inakuandika kwenye orodha ya kusubiri, na hiyo orodha haina mwisho unaojulikana. Msidhani ni ubaguzi. Februari 2024 pale Bristol, kliniki moja ilipoanza kuandikisha wagonjwa wa NHS, mamia ya watu walijipanga barabarani kama foleni ya mafuta wakati wa uhaba, wengi wao wazawa. Kwa daktari binafsi, kutibu mzizi wa gego moja ni mamia ya pauni. Mwanafunzi anayeruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki muhula ukiwa unaendelea anazitoa wapi?

Na maisha yenyewe yanayala meno. Zamu ya usiku ghalani, unakunywa vinywaji vya kuchangamsha, biskuti mfukoni, chai ya sukari kila mapumziko. Kinachoozesha jino zaidi ni ile kuonjaonja mfululizo, kinywa hakipati muda wa kutulia. Unarudi alfajiri hoi, unajitupa kitandani bila kupiga mswaki. Halafu umri wenyewe ndio ule ambao magego ya mwisho yanachomoza. Fizi inavimba juu yake, mdomo haufunguki vizuri, na wiki hiyo hiyo una mtihani.

Hapo ndipo tunapokumbuka duka la dawa la nyumbani. Huku hakuna wa kukuuzia amoksilini bila cheti cha daktari, na mkimtumia mtu dawa kwa abiria hamjamsaidia, maana antibayotiki haizibi tundu wala haitoi mzizi uliooza. Inatuliza wiki moja, jino linarudi na hasira zake.

Njia zipo, ila lazima uzijue kabla hujaumwa. Maumivu makali au uvimbe, piga 111, namba ya simu ya NHS, watakutafutia nafasi ya dharura. Uvimbe ukishuka shingoni au ukashindwa kumeza, usipige simu ya kubembeleza, nenda hospitali. Mwenye kipato kidogo ajaze fomu HC1 ya kuomba kusaidiwa gharama za matibabu. Akikubaliwa kikamilifu anapata cheti cha HC2 na halipi matibabu ya meno ya NHS. Wengi wetu hatuijazi kwa kudhani ni ya wazawa tu, kumbe hata mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa. Ila usitie alama kwenye fomu ya msamaha ambao huna, faini inakuja nyumbani kwa barua. Tena Leeds ina chuo cha udaktari wa meno. Wanafunzi wake wanatibu bila malipo, mwalimu wao akisimamia. Hawapokei kila tatizo na wanachukua muda, unaweza kulala kitini asubuhi nzima, lakini sijaona kazi safi kama ile. Wanaokwenda Scotland wana bahati zaidi: chini ya miaka 26 matibabu ya meno ya NHS ni bure.

Kuna jingine linalotuhusu sisi wa Arusha na Kilimanjaro. Rangi ya kahawia ya meno yetu inatokana na floraidi nyingi kwenye maji tuliyokunywa utotoni, wakati meno yakiumbika. Huku watu hawaijui. Mwenzetu mmoja wa Arumeru aliulizwa kama anavuta sigara, akaanza kuziba mdomo kwa kiganja kila anapochangia darasani. Akanunua unga wa mkaa mtandaoni, akasugua hadi meno yakawa yanashtuka kwa maji baridi. Rangi haikutoka, kwa sababu imo ndani ya jino. Binti akiulizwa aseme tu ni floraidi, daktari ataelewa.

Kwa hiyo shangazi, kabla ya Julai mpeleke akaangaliwe. Yaliyotoboka yazibwe, ugaga uondolewe, gego la mwisho lipigwe picha, na hiyo picha aibebe kwenye simu. Dawa ya meno usimpakie, huku ipo kila duka na ni rahisi. Hizo kilo mwekee unga wa ulezi.