Muuguzi wa chumba cha upasuaji ajibu maswali yenu

*Mwanangu atatolewa tonsili hapa Columbus, Ohio. Jirani ananitisha eti watoto weusi hufa zaidi baada ya kupasuliwa. Ni kweli?*

Ni kweli, dada, na inaniuma kukuandikia hivyo. Utafiti uliotoka mwaka 2020 katika jarida la Pediatrics ulihusu watoto 172,549 wa Marekani walioingia kupasuliwa wakiwa na afya njema. Uwezekano wa kufa ndani ya siku 30 ulikuwa mara 3.43 kwa weusi kuliko weupe. Usiahirishe lakini: waliokufa kati ya wote hao ni 36.

Nguvu zako ziweke kwenye saa na siku za baadaye. Mtoto aliyetolewa tonsili akiwa anamezameza mate hata usingizini, huenda anameza damu. Mwite muuguzi. Asipokuja, mwite tena. Hatari hiyo hurudi nyumbani pia, hasa siku ya 5 hadi ya 10. Na kama Kiingereza kinakupiga chenga, dai mkalimani, ni haki yako bila malipo. Usimtwishe dada yake mtoto kazi ya kutafsiri.

*Kwani miili yetu ina kasoro gani?*

Haina. Kasoro iko kwenye matunzo, na mara nyingine kwenye kifaa. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni hupitisha mwanga kwenye ngozi. Mwaka huohuo wa 2020, watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Pumzi ikikubana, sema, hata kama namba kwenye skrini inapendeza. Piko na rangi ya kucha visiwepo siku hiyo.

*Huku Tanga sote weusi. Mbona bado wengine wanapona na wengine wanazikwa?*

Mfuko, kaka, na umbali. Nimempokea mkulima mwenye ngiri ya miaka, aliyekuwa akidunduliza nauli na gharama, akaletwa usiku utumbo umeshanasa, tumbo gumu kama ngoma. Upasuaji wa nusu siku ukageuka wa kufa na kupona.

Halafu kuna wodi. Utafiti wa hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika, uliochapwa na jarida la tiba la Lancet mwaka 2018, ulikuta asilimia 2.1 ya waliopasuliwa wakifariki, maradufu ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi. Wengi mno hawakufia mezani. Walifariki siku zilizofuata, pale muuguzi mmoja anapobeba wodi nzima usiku. Ndugu akae karibu na kitanda, na homa au kizunguzungu kiripotiwe papo hapo.

*Tuuze ng'ombe ili mama apasuliwe?*

Kwanza nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na barua ya mtendaji wa kijiji mkononi, mkaombe msamaha wa gharama. Nendeni kabla mama hajalazwa.