Kura 12 kati ya 15, na mradi bado unaanguka?

SWALI: Naishi Oregon, Marekani. Nimeambiwa kwamba kwenye kamati ya wananchi inayoshauri matumizi ya fedha za misitu ya taifa, mradi unaweza kupata kura 12 kati ya 15 na bado ukakataliwa. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli. Sheria ya mwaka 2000 ya kuzisaidia shule na jamii za vijijini iliigawa kamati katika makundi matatu ya watu 5. Kundi la kwanza lina wafanyabiashara wa mbao, wafugaji wenye vibali vya kulisha mifugo kwenye ardhi ya serikali na wenzao. La pili, watetezi wa mazingira na historia. La tatu, viongozi wa kuchaguliwa, makabila ya wenyeji na watu wa shule. Mradi hupita ukipata wingi wa kura ndani ya kila kundi, yaani angalau 3. Makundi mawili yakitoa 5 na 5, la tatu likatoa 2, umeanguka. Tunaiona hii kuwa kinga ya haki, maana hakuna upande unaoburuzwa.

Kwa hiyo, kama una mradi, ongea na kundi gumu kabla ya kikao. Andiko lako la mradi lionyeshe lengo, muda, gharama, matokeo na namna ya kuyafuatilia. Angalau nusu ya fedha hizi lazima ziende kwenye barabara au vijito na vyanzo vya maji. Kalavati ambayo mdomo wake wa chini umening'inia juu ya maji, samaki wakashindwa kupanda, inagusa yote mawili. Vikao viko wazi kwa umma, nenda ukaseme.