Ruzuku ya uchunguzi wa kihabari unaovuka mipaka

Ndugu, nimeelewa kwamba wewe na mwenzako wa nchi jirani mna nyaraka za kuanzia uchunguzi, ila hamna fedha za safari, tafsiri wala wakili.

Ikiwa suala lenu linagusa Ulaya, anzeni na Journalismfund Europe ya Brussels, shirika linalotoa ruzuku kwa wanahabari. Vinginevyo, itazameni Pulitzer Center, shirika la namna hiyo la Marekani. Kabla ya kupanga bajeti, tafuteni barua za wahariri wa nchi zote mbili wanaoahidi kuchapisha, kwa kuwa ombi lisilo na barua hizo hukataliwa kwa urahisi hata likiwa na hoja nzuri. Waombaji wengi hukumbuka nauli na kusahau ujira wao wenyewe, bima, na gharama ya mwanasheria wa kupitia habari kabla haijatoka. Msidharau kiasi kidogo: mwaka 1969 Fund for Investigative Journalism, mfuko wa Marekani wa habari za uchunguzi, ilimpa mwandishi wa habari Seymour Hersh dola 250 za kuanza kufuatilia mauaji ya My Lai, ambako askari wa Marekani waliwaua raia wa Vietnam.

Msiwataje watoa habari wa siri katika ombi, maana litasomwa na msiowajua. Vilevile, kabla ya kupokea fedha za kigeni, mwoneni mwanasheria katika kila nchi, kwani zipo sheria zinazomlazimu mpokeaji kujisajili.