Ukimaliza kukimbia usisimame ghafla, mimi yalinikuta

Juzi usiku dada mmoja kanitumia meseji, eti ana wiki ya pili tangu aanze kukimbia na akifika dakika tano tu moyo unadunda mpaka anausikia masikioni, anauliza ndo anakufa? Dada yangu hufi. Ila umenikumbusha aibu yangu ya Moshi, wacha niiseme yote.

Nilijiandikisha kilomita 21 za Kili Marathon kisa wenzangu wote ofisini wamejiandikisha, mazoezi nimefanya mwezi mmoja (wengine wangeyaita matembezi). Ule mpando wa kuelekea Mweka ulinimaliza kabisa, ila kurudi ni mteremko nikachochea, nikaingia uwanjani mbio mbio, nikavuka mstari halafu nikasimama palepale kama mlingoti nipigwe picha. Picha siikumbuki. Nakumbuka niko chini, miguu imeinuliwa juu, nesi ananiuliza, "Baba, nani kakwambia usimame?"

Kumbe iko hivi. Upande wa kulia wa moyo unapeleka damu kwenye mapafu, wa kushoto unaisukuma mwili mzima, ukiwa umetulia ni kama lita 5 kwa dakika, ukikimbia kwa nguvu zinaweza kufika 20. Sasa yote hiyo lazima irudi, na ya miguuni inapanda mlima! Wanaoipandisha ni misuli ya miguu yako, kila hatua inakamua mishipa, na mle ndani kuna vivalvu vinaizuia isishuke. Ukisimama ghafla nani anakamua? Mishipa bado imetanuka, damu inatuama miguuni, moyo unapiga haraka haraka lakini hauna cha kutosha kusukuma, ubongo unakosa, chini.

Kwa hiyo tembea jamani. Dakika tano, hata kumi. Selfie piga huku unatembea.

Na huko kudunda, dada, moyo ambao haujazoea unatoa damu kidogo kwa kila pigo so lazima upige mara nyingi. Ukikomaa na mazoezi, kila pigo linatoa nyingi zaidi. Mimi asubuhi kabla sijatoka kitandani nilikuwa napima mapigo 84, sasa hivi 58, na napima kwa vidole viwili kwenye mkono, sio kwa saa ya laki tatu. Mnapenda vifaa, kukimbia hampendi. Anza na spidi ambayo unaweza kupiga stori, ukishindwa kuongea punguza. Ila kifua kikibana, au ukizimia katikati ya mbio kabla hata hujasimama, hiyo sio ya kusubiri, nenda hospitali wakupime moyo.

Video yangu ya kudondoka bado ipo kwenye grupu la ofisi, kila Februari kuna mtu anairusha na vicheko. Safari hii nimemaliza, nazunguka zangu uwanjani taratibu na maji yangu, namwona yule yule aliyeirekodi kasimama, kashika magoti, anahema. Nikamshika mkono nikamwambia tembea, bro.