Ada ya maji: pima shamba lako kwanza

Msimu wangu wa kwanza wa mpunga hapa Mbarali nililipia maji ya eka mbili na nusu. Sikuuliza. Mgawa maji alikuja na daftari kwapani, akatembea tuta hadi tuta akihesabu: hatua 70 upana, 174 urefu. Huku kwetu eka ni hatua 70 kwa 70, basi hesabu ikatoka.

Mwaka uliofuata nikaazima tepu ya fundi ujenzi. Mita 52 kwa 130, yaani mita za mraba 6,760. Eka kamili ni 4,047. Shamba halifiki hata eka moja na robo tatu!

Mzee mmoja wa skimu yetu ya umwagiliaji akanicheka: "Mwanangu, kama wote tumepimwa kwa hatua, nani kaonewa?" Ana hoja. Fedha ya kuzibua mfereji na kukarabati banio, pale maji yanapoingizwa mferejini kutoka mtoni, ni ileile, tuigawane kwa hatua au kwa tepu. Ila wenzetu wa juu, karibu na banio, waliandikishwa kwa mita. Na mgawa maji wetu ni mtu mfupi.

Kwa hiyo ukikodi au ukinunua shamba ndani ya skimu, lipime kwa tepu, mgawa maji akiwepo, na daftari la chama cha wamwagiliaji lirekebishwe kabla hujaandaa kitalu. Maji yakishafunguliwa hakuna wa kukusikiliza.

Uliza pia ada yako inakwenda wapi. Chama kinakusanya kwa eka, lakini bodi ya maji ya bonde la mto inakidai chama kwa ujazo ulioandikwa kwenye kibali chake cha kutumia maji. Viongozi wasipopeleka, deni ni la chama kizima, na wewe uliyelipa umo. Stakabadhi zangu nazifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na mkataba wa shamba.

Jambo moja bado linanishinda. Tunalipia eka, hatulipii maji, na mimi niko mkiani mwa mfereji. Zamu yangu ni Alhamisi usiku. Nafika na tochi, nakuta maji hayafuniki hata kifundo cha mguu, kumbe huko juu wamefungua matoleo yote ya kuingiza maji mashambani mwao. Mwaka huu tisa wa mkiani tumeandika barua: tulipe nusu msimu ukianza, nusu mpunga ukishatoa masuke. Mwenyekiti ameipokea, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Mkutano mkuu ni mwezi ujao.